Futari sio ya Ramadhani tu: namna ya kula bila kuimaliza bahari yetu

Hii namuandikia mtu wa Zanzibar anaenunua chakula chake Darajani au Mwanakwerekwe au Chake sokoni, au kwa mchuuzi anaepita mlangoni na baskeli anapiga honi, na pesa ya matumizi ni ile ile. Siku hizi ukifungua simu kila mtu anakwambia kula kwa kutunza mazingira, ukisoma mpaka mwisho unaambiwa ununue maziwa ya lozi na sijui mbegu gani za Peru, na duka lenye vitu hivo liko huko kwa watalii, kopo moja matumizi ya nyumba nzima. Hayo tuyaweke pembeni. Kuna mambo ya kufanya hapa hapa kwetu, mengi hayaongezi gharama na mengine yanapunguza.

Kwanza tujue hao wenzetu wanasema nini, maana si yote upuuzi. Kuna Slow Food ya Italia, ilianza 1986 Carlo Petrini na wenzake walipopinga McDonald's kufungua mgahawa pale Piazza di Spagna, Roma, na 1989 wakatia saini azimio lao Paris. Wao wanataka chakula kiwe kitamu, kisiharibu ardhi, na alielima alipwe haki yake, na huku Afrika wana mpango wa bustani za skuli na za vijiji. Kuna hii Jumatatu bila nyama, ilianza Marekani 2003, mwaka 2009 Paul McCartney na mabinti zake wakaipigia debe Uingereza, na mwaka huo huo mji wa Ghent kule Ubelgiji wao wakachagua Alkhamisi. Halafu 2019 jopo la wanasayansi la EAT-Lancet likapiga hesabu kabisa, mtu mzima nyama nyekundu kama gramu 14 kwa siku, kwa wiki haifiki hata gramu 100, yani vijiti vichache vya mishkaki ya Forodhani basi, ushamaliza.

Sasa mtu wa Ghent anaambiwa apunguze nyama kwa sababu anaila asubuhi mchana na usiku. Kwetu nyumba nyingi nyama ya ng'ombe ni Ijumaa, wageni na sikukuu, na ng'ombe wenyewe wengi wanavushwa kutoka bara. Nyama ya kuchinja Idi ikagaiwa majirani hio isikunyime usingizi. Kwa hio ukimhubiria mama wa Micheweni aache nyama atakutizama tu, ataiacha lini na yenyewe haioni? Mzigo wa sahani yetu uko kwengine, uko kwenye samaki tunaowachagua, kwenye wali wa kila siku, kwenye makaa, na kwenye masinia yanayomwagwa harusini.

Tuanze na wali maana ndo rahisi.

Hebu itizame meza ya Ramadhani. Muhogo wa nazi, majimbi, viazi vikuu, ndizi mbichi, kunde, mbaazi, shelisheli kama msimu wake umo, uji wa pilipili manga. Karibu vyote hivo vinaota kwenye udongo wa visiwa hivi, nyama hamna au kipande cha kutia ladha tu, ukitoa tambi na unga wa ngano hakuna kilichopanda meli ya masafa. Wale EAT-Lancet wangefika kwetu magharibi inaadhiniwa wangekaa kitako wakala bila kuuliza suala (kaimati na sukari yake tutajibu wenyewe). Halafu Idi ikishapita tu tunarudi, wali mchana, wali usiku, na mchele wenyewe ni mapembe wa kutoka Asia. Mchele mwingi tunaokula visiwani hatuulimi, na Julai 2023 India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati bei zilipanda dunia nzima. Mtu anaejua kupika majimbi na akaizoesha nyumba yake kuyala, siku kama hizo hababaiki sana.

Wapo watakaokwambia ubaya wa mchele ni kupanda meli. Hapo nawapinga. Meli ni usafiri mwepesi sana kwa mazingira ukilinganisha na ndege, na kwenye hesabu za gesi joto za chakula usafiri ni sehemu ndogo, kubwa ni namna kilivolimwa au kilivofugwa. Mpunga wa kwenye maji unatoa methani, ng'ombe anatoa zaidi kwa mbali. Kwa hio usijione umeokoa dunia kwa kula ng'ombe wa karibu badala ya maharage ya mbali. Sababu ya kula muhogo wa Unguja au Pemba ni kwamba hauna bonde la kutoa methani, haulii mbolea nyingi, pesa inabaki kwa mkulima wa Donge au Kizimbani au Konde, na bei yake haipangwi na serikali ya nchi nyengine.

Sasa vipi unaanza. Usiwatangazie watu nyumbani kwamba kuanzia leo wali basi, utakosa amani bure. Chagua Jumatatu na Alkhamisi. Hizi ni siku za sunna, nyumba nyingi lazima kuna mtu kafunga, bibi au mama au kijana alieingiwa na imani mwaka huu, futari itapikwa tu kwa ajili yake, basi ipikwe ya nyumba nzima na wali usipikwe. Hakuna anaehisi kanyimwa kitu. Na ukitaka kucheka, Jumatatu ndo siku ya Wamarekani na Alkhamisi ndo siku ya watu wa Ghent, siye tulikuwa nazo zote mbili tukawa tunazitumia kwa thawabu tu.

Muhogo ununue siku ile ile unayopika, au jana yake jioni. Muhogo ukishang'olewa siku ya pili ya tatu unaanza kuingia weusi ndani. Muombe muuzaji auvunje ncha: ndani uwe mweupe mtupu, ukiona vidoa vya kahawia vikavu kama kutu au michirizi, huo una maradhi, uweke chini. (Ndio sababu watafiti wa kilimo wa Kizimbani walihangaika kutoa mbegu zinazostahmili michirizi, ukikutana na mkulima muulize kapanda mbegu gani, wanapenda kuulizwa.) Ukinunua mwingi umenye, ukate, utie friza, unakaa vizuri tu. Muhogo mchungu usiuchezee, huo una sumu, una taratibu zake, kama huujui nunua kwa mtu unaemuamini na siku zote menya na upike mpaka uive kabisa, usitafune mbichi njiani.

Kunde ziloweke usiku. Asubuhi mwaga maji yale, zichemshe. Nazi ikune, tia maji kidogo kamua tui zito liweke kando, tia maji tena kamua tui la pili, hili jepesi ndo la kupikia muhogo na kunde na chumvi na kitunguu na pilipili mbuzi nzima usiipasue. Muhogo ukishalainika ndo unamimina tui zito, moto mdogo, unakoroga taratibu mpaka lichemke kidogo tu ushushe, ukiliacha lichemke sana linakatika mafuta yanaelea. Ndimu mezani. Chicha usitupe, kuku wanalipenda, na vifuu vinawaka vizuri kuliko makaa ya kununua. Hapo nazi nzima imetumika, hakuna kilichokwenda jaani ila maji ya kuoshea.

Kosa linalofanywa na watu wengi wakishaamua kula "asili" ni kujaza muhogo peke yake. Muhogo ni wanga, mtoto akila muhogo na chai kila siku hatokua vizuri. Lazima pawe na kunde, mbaazi, choroko, maharage au dagaa, na pawe na mboga ya majani, mchicha, kisamvu, majani ya maboga, mchunga kwa anaependa uchungu. Kunde na mbaazi zina faida nyengine shambani, mizizi yake inarudisha naitrojeni kwenye udongo, ndo maana mkulima mwenye akili anazichanganya na muhogo.

Majimbi yakiwa hayajaiva sawa sawa yanawasha koo, yape muda. Wakati wa kuyamenya mikono iwe mikavu. Shelisheli likianza hua linaanguka mpaka watu wanapishana nalo njiani, hapo jirani mwenye mti anagaia bure, chukua, likate vipande nyembamba uanike jua kali likauke, linasagwa unga. Au lichome zima kwenye makaa, ule na chukuchuku ya samaki, wallahi utasahau wali.

Nakuja kwenye samaki, na hapa ntakaa kidogo maana hapa ndo penye kazi.

Siye tunasema tu samaki, lakini samaki hawalingani. Kuna wanaozaa mapema na kwa wingi na kuna wanaochukua miaka mpaka wazae. Ukichagua vizuri unakula kila siku bila dhambi. Vibua, dagaa, simsim, hawa wanatembea makundi maji ya juu, wanakua haraka, wanazaa haraka. Hawa ndo wa kula mara nyingi, na kwa bahati ndo wa bei nafuu pia. Watu wanawadharau wageni wakija, ati utampaje mgeni kibua, mpike wa kupaka kwa nazi na ukwaju uone kama mgeni ataacha kitu zaidi ya mwiba.

Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu. Kwa hio katikati ya mwezi wa Kiislamu dagaa wabichi wanaadimika na bei inaruka, usiwakimbilie, hapo kula wakavu uliowanunua wakati wa giza. Wakavu wazuri hawana mchanga, hawanuki vibaya, hawajavunjika vunjika, wameanikwa kwenye chanja au turubali na sio chini. Wakaange kidogo bila mafuta kabla ya kuwatia kwenye mchuzi.

Wa kula kwa nadra ni chewa, papa, taa, na pono. Chewa wengi wanaanza maisha wakiwa majike na baadae wakishakuwa wakubwa wanageuka madume, sasa ukivua mkubwa tu umemaliza madume, ukivua mdogo tu hajazaa hata mara moja, yani yeye kila upande anaumia. Papa na taa wanachelewa kuzaa na wakizaa wanazaa wachache. Pono ana kazi yake, anakula mwani mwembamba unaoota juu ya matumbawe, akiondoka yeye mwani unayafunika matumbawe na samaki wengine wanakosa pa kukaa. Siwaambii msile kabisa. Papa mkavu kwenye mchuzi wa bibi yangu na mie nnaula. Lakini usimfanye kitoweo cha kila wiki.

Kasa haliwi, mwisho. Sheria inamlinda, na juu ya sheria anaweza kuwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi. Machi 2024 Kisiwa Panza, Pemba, walifariki watu 9 baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao watoto. Ukisikia mtu anauza kwa siri mwambie na jirani yako asinunue.

Kuna ule mtungo wa visamaki vidogo, changu saizi ya kiganja cha mtoto, tasi bado hawajawa tasi. Huo mtungo ndo unaoniuma roho kuliko vyote maana hao walikuwa bado hawajazaa. Mara nyingi wanatoka kwenye juya au dema lenye matundu madogo, nyavu inakokotwa juu ya majani ya bahari inabeba kila kitu. Lakini nasema hivi, usimtukane anaeununua. Wengi wanaununua kwa sababu ndo pesa iliyopo mkononi. Njia ni kumuonesha kwamba pesa ile ile ya mtungo inampa fungu la dagaa lenye kitoweo kingi zaidi. Na wewe mwenye uwezo ndo hasa usiuguse, kwako hakuna kisingizio.

Kwenye diko au sokoni uliza mambo matatu: kavuliwa wapi, kavuliwa kwa zana gani, kaja lini. Mshipi ndo bora, unavua mmoja mmoja na mdogo anaweza kurudishwa. Juya hapana. Bunduki ya mshale hapana. Baruti hio hata kuuliza hakuna, samaki wake nyama imelegea na mifupa imevunjika ndani, ukimbonyeza utajua. Mara ya kwanza mchuuzi atakujibu unachotaka kusikia, "wa mshipi huyu mama, wa asubuhi hii", wewe mfungue mashavu uone wekundu, tizama jicho limejaa au limeingia ndani, bonyeza ubavu uone kama unarudi. Ukishakuwa mteja wake wa kila siku na unakataa kila mara visamaki vidogo, ataacha kukuletea. Wachuuzi wanafuata mteja, na wakifika mnadani hawapandishi bei ya kitu ambacho hakina mtu wa kukinunua mtaani.

Pweza ana hadithi yake. Pweza maisha yake mafupi, mwaka au zaidi kidogo, anakua kwa kasi ya ajabu, na jike akishaangua mayai anakufa. Maana yake ukimuacha miezi michache tu unapata pweza mkubwa mara kadhaa na tayari kashazaa. Wenzetu wa Andavadoaka huko Madagascar walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi, kisha wanafungua kwa siku maalum. Kwetu Kisiwa Panza na Kizimkazi nao wakafanya, wakisaidiana na shirika la Mwambao, wanafunga kama miezi mitatu, wanakijiji wenyewe wanalinda doria, siku ya kufungua watu wanashuka na bamvua wanatoka na pweza wa maana. Wewe mlaji kazi yako ni mbili. Moja, usinunue pweza wa chini ya nusu kilo, hata akiwa rahisi. Pili, kama una jamaa vijiji vyenye kufunga muulize lini wanafungua, ukanunue siku hio, pesa yako ikawathibitishie kwamba kusubiri kuna faida. Maana shida ya kufunga haiko baharini, iko kwa yule anaetizama wenzake wa kijiji cha pili wanaendelea kuvua.

Kusi likivuma, vyombo vidogo haviendi mbali, wanavua ndani ya mwamba, na mwamba unapata tabu. Huo ndo wakati mzuri wa kula kunde zaidi, dagaa wakavu, na ng'onda uliyoweka. Kaskazi bahari imetulia, watu wanatoka nje mbali, kula samaki wa maji makuu kama nguru na jodari. Hata mwatiko wa kufuga siku hizi anapatikana, mjaribu, ana miba lakini ana ladha.

Kuku wa barafu wa Brazil wengi wananiuliza. Jibu langu ni hili: kuku yeyote kwa gesi joto ni mwepesi kuliko ng'ombe kwa mbali, kwa hio kama unabadilisha nyama kwa kuku umepunguza. Ila chakula cha kuku wale ni soya na mahindi mengi sana. Mayai na kuku wa kienyeji wachache nyuma ya nyumba, wanaokula chicha na makombo, hao hawana mpinzani, tatizo ni majirani na mchicha wao.

Mwani, hichi kilimo kililetwa Zanzibar mwaka 1989 na karibu wote tunausafirisha nje, siye wenyewe tunautizama tu ukianikwa Paje na Jambiani. Unalika. Uoshe maji mengi kutoa chumvi na mchanga, uloweke, utie kidogo kwenye juisi au achari. Ladha si kubwa, ukizoea unazoea.

Jiko. Watu wanaongea chakula wanasahau moto. Sufuria ya maharage ya masaa matatu kwa makaa inaweza kuharibu msitu zaidi ya hicho unachokipika. Loweka usiku kucha, hio peke yake inakata muda sana. Funika sufuria, acha kuchungulia. Mwenye mtungi wa gesi atumie gesi kwa vya haraka. Na kuna ujanja wa kikapu: chukua kikapu kikubwa cha ukili au boksi, tandika mablanketi ya zamani au kanga zilizochakaa kwa wingi chini na pembeni, maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu kama robo saa na zaidi (maharage mekundu lazima yachemke hivo kwanza, yasipochemka vizuri yanaumiza tumbo), kisha funika sufuria ikiwa ya moto hivo hivo itie ndani, ifunike juu na blanketi nyengine, iache masaa. Ukirudi kazini yameiva au yamebakisha kidogo. Makaa yamebaki kwenye gunia.

Na kutupa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitupwa majumbani, sio mahotelini kama tunavopenda kusema. Israfu kila mtu anajua hukmu yake. Kule Misali, Pemba, mwishoni mwa miaka ya 90, wavuvi walifundishwa kuhifadhi bahari kwa mafunzo ya dini, kupitia misikiti na madrasa, na yaliwaingia kuliko semina za wataalam. Basi na masinia ya harusi yanataka mawaidha yale yale. Mpishi anaambiwa watu mia tatu anapika wa mia nne kwa kuogopa aibu, biriani inabaki, saa kumi jioni jua kali, imeshachacha.

Ukiwa na shughuli fanya hivi. Mwambie mpishi idadi ya kweli, na juu yake ongeza kidogo tu. Wali usipakuliwe wote kwenye masinia, ubaki sufuriani na moto, sinia likihitaji linaongezwa, kilichobaki sufuriani ni safi hakijaguswa na mtu, hicho unaweza kumpa yeyote. Weka mtu mmoja maalum, sio bibi harusi wala mama yake, kazi yake ni vyombo vya kugaia tu, na awe kashajua kinakwenda wapi kabla watu hawajaanza kula: madrasa gani, nyumba gani ya mgonjwa, mlinzi gani. Usisubiri mpaka jioni. Nyumbani wali uliobaki utie friji mapema na usiwe kwenye sufuria kubwa yenye joto, kesho usagwe pamoja na mchele wa vitumbua. Embe zikimiminika kata anika, au achari. Mbirimbi tia chumvi anika. Tungule zikishuka bei zipike rojo uweke friza.

Mifuko ya plastiki sina la kusema, ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, beba kikapu.

La mwisho ni kununua kwa pamoja, na hili ndo ningependa watu walijaribu hata kama hayo mengine wamechoka. Japani miaka ya 70 kinamama walijikusanya wakaenda moja kwa moja kwa wakulima, wakakubaliana wananunua mazao kwa msimu mzima bila dalali katikati, wanaita teikei, na mpaka leo watu wa nchi nyingi wanafanya kwa mfano huo. Siye tuna michezo ya pesa ya kupokezana kila mtaa, watu wanaaminiana mamilioni, hatushindwi kuaminiana magunia ya muhogo.

Anza na nyumba tano sita, si zaidi, wawe watu mnaojuana. Tafuta mkulima mmoja, sio watatu. Mwende shamba mkaone analima nini na anapulizia dawa gani, mkikaa mbele yake kwenye mkeka atakwambia ukweli kuliko kwa simu. Kubalianeni siku moja ya wiki, Jumatano ni nzuri maana Alkhamisi ndo mnapika. Mpeni nusu ya pesa mbele, akishaleta mmalizie, na kila nyumba iandike inataka kilo ngapi kabla ya Jumanne usiku, ambae hajaandika hana mzigo, msimuonee haya. Mkubaliane pia kwamba mnapokea kilichopo: wiki nyengine majimbi, wiki nyengine viazi na majani yake, na masika shamba likiwa halipitiki hakuji kitu na hakuna kulaumiana. Awepo mtu mmoja wa mizani, na mizani iwe moja siku zote. Nauli ya gari gawaneni kwa uzito wa mzigo, msigawane kwa nyumba, hapo ndo watu wanapogombana.